Mnyama Hasemi: Maradhi ya Mbwa na Paka, na Jinsi ya Kuyatambua

Mtu akiumwa na kichwa husema. Ng'ombe akipungukiwa na maziwa, bwana wake huona hasara siku iyo hiyo, naye humwita mganga wa wanyama. Lakini mbwa na paka hawakamuliwi wala hawapelekwi mnadani. Kwa hiyo mara nyingi huugua pasipo kutazamwa na mtu, na mwenyewe hushtuka akikuta mzoga mlangoni. Jambo hili si hasara ya mnyama peke yake. Yako maradhi ya mbwa na paka ambayo huwaingia watu, na mojawapo likisha kuonyesha dalili zake katika mwili wa mtu, karibu kila mara humwua. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu, wa mjini na wa mashambani, namna ya kumtazama mnyama, namna ya kumsaidia, na mambo ambayo haifai kabisa kumfanyia.

Natutazame Soko la Toi la Nairobi, lililo ubavuni mwa Kibera, karibu na barabara ya Ngong. Watu wa Kibera, wa Kawangware na wa mitaa mingine mingi hulijua soko hili kwa nguo za mitumba na viatu, na kwa mboga na nafaka. Panya hupenda magunia na marobota, basi wenye vibanda hupenda paka. Usiku mali yataka mlinzi, na mlinzi hupenda kuwa na mbwa. Kisha wako mbwa koko wasio na bwana, ambao hufuata harufu ya mabucha na majalala. Katikati ya wanyama hao wote hupita watoto wendao shule na warudio nyumbani. Mahali penye watu wengi na wanyama wengi, ugonjwa wa mmoja ni jambo la wote. Na msomaji wa shambani asidhani kwamba habari hii haimhusu, maana mbwa wa boma huumwa kwa maradhi yale yale, na mganga yu mbali naye zaidi.

MTAZAME MNYAMA AKIWA MZIMA

Asiyejua hali ya mnyama mzima hawezi kuitambua hali ya mgonjwa. Basi, mara moja kila juma, mkague mbwa au paka wako kwa utaratibu, toka kichwani hata mkiani. Macho yawe maangavu, yasiwe na tongotongo nyingi. Pua isitoke makamasi. Inua mdomo wake uangalie ufizi: wa mnyama mzima una rangi ya waridi na umelowa mate. Ukiubonyeza kwa kidole huwa mweupe, na ukiacha rangi hurudi upesi, kwa muda usiozidi sekunde mbili. Ufizi mweupe ni dalili ya upungufu wa damu. Wa manjano ni dalili ya ini au ya damu iliyoharibika. Mkavu na wa kunata ni dalili ya kukaukiwa na maji.

Shika ngozi ya mgongoni, uivute juu kidogo, kisha uiachilie. Ikirudi mara moja, mnyama ana maji ya kutosha mwilini. Ikikaa imesimama kama hema, amepungukiwa. Pekua manyoya masikioni, shingoni, kwapani na katikati ya vidole vya miguu, ukitafuta kupe na viroboto. Tazama choo chake. Mwenye kipimo cha joto na ajue kwamba joto la kawaida la mbwa na la paka ni kati ya digrii 38 na 39.2 za Selsiasi, yaani juu kuliko letu. Usiseme mbwa ana homa kwa sababu masikio yake ni ya moto mkononi mwako.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mnyama aliyekuwa mchangamfu akajificha gizani, aliyekuwa mlafi akakataa chakula, au aliyekuwa mpole akawa mkali ghafula, huyo amekwisha kukwambia kwamba hajambo lake limekwisha.

KICHAA CHA MBWA

Twaanza na ugonjwa huu kwa kuwa ndio mbaya kuliko yote. Katika Kenya ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa mmoja wa viunga vya Nairobi. Na mwaka 1928 alipatikana mtu wa kwanza kuthibitishwa kuwa nao, mwanamke wa pande za Ziwa Victoria. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Vijidudu vya ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akimuuma mtu au mnyama mwingine, huingia katika kidonda, hufuata mishipa ya fahamu polepole hata kufika kwenye ubongo. Safari hiyo kwa mtu aghalabu huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa juma moja au mwaka mzima. Hapo ndipo penye nafasi ya kumwokoa aliyeumwa. Vijidudu vikisha kufika ubongoni na dalili zikaanza, hapana dawa.

Watu wengi hujua sura moja tu ya kichaa: mbwa mkali akimbiaye ovyo na kuuma kila akutacho, hata mawe na miti. Lakini iko sura ya pili, ya kimya, na hiyo hudanganya. Mbwa hulegea, hujificha, sauti yake hubadilika, taya la chini hupooza na kuning'inia, udenda humtoka, naye hawezi kumeza. Tuseme mama mmoja mwenye kibanda cha nguo sokoni amkuta mbwa wake asubuhi katika hali hiyo. Jirani yake aja kumwambia, "Mama, huyu amekwamwa na mfupa kooni. Mshike kichwa, nami nitautoa." Jirani huyo ana moyo mwema, lakini mkono wake ukiingia kinywani mwa mbwa yule ukakwaruzwa na jino, ajitia katika hatari ya kufa kwa kutafuta mfupa ambao haupo. Kwa hiyo twasema kwa mkazo: mbwa au paka atokwaye na udenda na asiyeweza kumeza, usimtie mkono kinywani. Mfungie mahali peke yake ikiwa waweza kufanya hivyo pasipo kumgusa, kisha umwite daktari wa mifugo. Paka naye hupata kichaa, na vile vile ng'ombe, mbuzi na punda.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa, na afanye hivi. Kwanza, kidonda kioshwe saa ile ile kwa maji mengi ya kutiririka na sabuni, kwa muda wa dakika 15 kamili. Sabuni ya kufulia yafaa. Kazi hii ni ndogo machoni pa watu, lakini huondoa na kuua vijidudu vingi kabla havijaingia ndani. Usitie pilipili, majivu, mafuta ya taa wala majani yaliyotafunwa. Pili, mgonjwa aende hospitali siku iyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, ili achanjwe. Chanjo hiyo siku hizi hudungwa mkononi, si tumboni kama zamani, nayo hutolewa mara kadhaa kwa siku zilizopangwa. Asiache hata moja kwa kuona kidonda kimepona. Ikiwa jeraha ni kubwa, daktari huongeza dawa nyingine ya kinga kwenye jeraha lenyewe.

Tatu, mnyama aliyeuma asipotee. Ikiwa yu hai na aweza kufungwa kwa salama, atazamwe kwa siku 10. Akiwa angali mzima baada ya siku hizo, hakuwa na vijidudu katika mate yake siku alipouma. Lakini mtu asingoje siku hizo ziishe ndipo aende hospitali. Aanze chanjo, na daktari ndiye atakayemwambia kama yafaa kuacha. Ikiwa mnyama amekufa au ameuawa, asitupwe jalalani wala asipondwe kichwa, maana ubongo ndio unaopimwa katika maabara ya mifugo ya Kabete. Sheria ya Kenya yataka habari za mnyama anayeshukiwa zipelekwe kwa wakuu wanaohusika.

Wazazi, liko neno moja tena. Watoto wengi huficha kwamba wameumwa, kwa kuogopa kupigwa kwa sababu walikuwa wakimchokoza mbwa. Mwambie mtoto wako leo, kabla jambo halijatokea, kwamba akiumwa na mbwa au paka hatapigwa, bali atasaidiwa. Maneno hayo yaweza kuwa ndiyo yatakayomponya.

Kinga yenyewe ni nyepesi: mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha mara moja kila mwaka. Wataalamu wameona kwamba mbwa 70 katika kila 100 wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Serikali ya Kenya mwaka 2014 ilitoa mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Kuwapiga mbwa risasi au kuwalisha sumu hakukomeshi ugonjwa, kwa kuwa mbwa wageni huja kushika nafasi za waliokufa, na hao hawakuchanjwa.

MARADHI YA WATOTO WA MBWA

Ugonjwa uuao watoto wa mbwa kwa haraka ni ule wa parvo. Ulianza kujulikana ulimwenguni mwaka 1978, na sasa uko kila mahali. Huwashika hasa wenye umri wa majuma sita hata miezi sita. Mtoto wa mbwa huacha kula, hutapika, kisha huhara choo cha maji chenye damu na harufu mbaya mno. Huweza kufa kwa siku mbili au tatu, kwa kuishiwa na maji. Hapana dawa iuayo vijidudu vya parvo, ila akitiwa maji kwa mshipa mapema, na kupewa dawa za kuzuia kutapika na vijidudu vingine, wengi hupona. Vijidudu hivi huishi ardhini miezi mingi, pengine mwaka. Basi, aliyefiwa na mbwa kwa ugonjwa huu asilete mtoto mwingine asiyechanjwa katika kibanda kile kile. Mahali pafagiliwe, paoshwe, kisha pamwagiwe dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30.

Wa pili ni ugonjwa wa distempa. Huanza kama mafua: homa, makamasi mazito, macho yenye usaha, na kikohozi. Baadaye nyayo za miguu na pua huweza kuwa ngumu, kisha mbwa hushtukashtuka, hutafuna hewa, na kuanguka kifafa. Kwa kuwa dalili hizi za mwisho zafanana na kichaa, asishikwe ovyo. Na aamue daktari. Ili msomaji ajue nguvu ya ugonjwa huu, na akumbuke mambo ya mwaka 1994 katika mbuga ya Serengeti: distempa iliingia katika simba, ikaua karibu theluthi yao, ikavuka hata Maasai Mara. Wataalamu waliona kwamba ilitoka kwa mbwa wa vijiji vilivyo kando ya mbuga. Ikiwa mbwa wa kijijini waliweza kuwaangusha simba, je, mtoto wa mbwa wa jirani yako?

Parvo na distempa zote zina chanjo moja ya pamoja. Huanza mtoto akiwa na majuma sita hata manane, na hurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne hata afikishe majuma 16. Sindano moja peke yake haitoshi, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake huweza kuibatilisha.

KUPE, NA UGONJWA ULIOPEWA JINA LA NAIROBI

Mji wetu umepata sifa isiyopendeza katika vitabu vya waganga wa wanyama. Ugonjwa mmoja wa mbwa uletwao na kupe, uitwao erlikiosisi, uliwahi kuitwa pia Ugonjwa wa Nairobi wa Kutokwa na Damu. Kupe aenezaye ni yule wa rangi ya hudhurungi, ambaye hupenda kukaa katika nyufa za kuta na za mbao, na kwenye malazi ya mbwa. Mbwa hupata homa, hukonda, ufizi huwa mweupe, na damu huweza kumtoka puani pasipo kupigwa. Mwenye mbwa hudhani kwamba jirani amempiga mbwa wake kwa rungu, na ugomvi huzuka bure. Dawa ipo: ni doksisaiklini, nayo hutolewa kwa majuma manne au karibu na hapo. Mbwa huonekana amepona siku chache tu baada ya kuanza. Wengi hapo huacha dawa, na ugonjwa hurudi.

Kupe yule yule huleta pia ugonjwa wa babesia, ambao huvunja chembe za damu. Dalili yake kubwa ni mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa, pamoja na homa na ufizi mweupe au wa manjano. Huu wataka sindano ya daktari upesi, wala usingojwe hata kesho kutwa.

Dawa ya kuogesha ya kuua kupe itumike kwa kipimo cha mbwa. Wengine huchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe wakampaka mbwa bila kuipima kwa maji, naye akafa kwa sumu kabla kupe hajafa. Tena, kumwogesha mbwa pasipo kusafisha alalapo ni kazi bure, maana kupe wengi wamo katika nyufa wakimngoja.

MINYOO, NA MAPAFU YA BUCHA

Mtoto wa mbwa mwenye tumbo kubwa na mbavu zilizotokeza hajashiba, ana minyoo. Wengi huzaliwa nayo, kwa kuwa minyoo ya mviringo hupita toka kwa mama hata kwa watoto wangali tumboni. Wapewe dawa wakiwa na majuma mawili, irudiwe kila majuma mawili hata wafikishe majuma 12, na baadaye kila miezi mitatu. Mama yao apewe pamoja nao. Mayai ya minyoo hii hukaa katika udongo, na mtoto wa mtu achezaye hapo na kutia vidole kinywani huyameza. Funza zake huzunguka mwilini na pengine huharibu jicho.

Iko minyoo mingine ambayo yapasa wenye mabucha waijue. Kawangware haiko mbali na machinjio ya Dagoretti, na kila mtaa una bucha lake. Mapafu na maini yenye vifuko vya maji, ambayo hayauziki, hutupiwa mbwa. Vifuko hivyo ni minyoo michanga ya tegu mdogo sana. Ndani ya mbwa hukua, hutaga mayai, na mayai hutoka kwa choo na kushika hata manyoya yake. Mtu akiyameza, vifuko huota katika ini au mapafu yake mwenyewe, navyo hukua kwa miaka mingi hata apasuliwe. Wilaya ya Turkana iliteswa mno na ugonjwa huu, hata mwaka 1983 shirika la AMREF likaanza huko mpango wa kuupiga vita, pamoja na kuwatibu mbwa. Basi, bwana mwenye bucha, usimtupie mbwa mapafu mabichi. Yachemshwe sana, nusu saa au zaidi, au yazikwe mahali ambapo mbwa hawezi kufukua. Na kila mtu aliyemshika mbwa aoshe mikono kabla ya kula.

UPELE NA VIROBOTO

Mbwa ajikunaye usiku na mchana, ambaye manyoya yamemtoka masikioni, viwikoni na tumboni, na ngozi yake imekuwa nene yenye magamba, ana upele. Huletwa na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, na huweza kuwawasha watu wa nyumbani pia. Dawa nzuri za upele zipo, za kudunga, za kumeza na za kupaka, lakini zataka kipimo cha uzito. Desturi ya kumpaka mbwa oili chafu ya gari ni mbaya: huunguza ngozi, naye huilamba na kudhurika ini na figo. Viroboto nao huleta minyoo ya tegu, ambayo vipande vyake huonekana kama punje za mchele mkunduni mwa mbwa au paka. Asiyeua viroboto asitazamie kumaliza minyoo hiyo.

PAKA WA SOKONI

Paka huficha ugonjwa wake kuliko mbwa. Paka asiyekula kwa siku mbili ni mgonjwa wa kweli, na yafaa aonwe na daktari, kwa kuwa ini lake huharibika upesi kwa njaa, hasa akiwa mnene.

Mafua ya paka hujulikana kwa chafya, macho yaliyogandamana, na vidonda vya ulimi. Msafishe macho na pua kwa pamba na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, umtenge na wenzake, na umpe chakula chenye harufu, kama vile omena ya moto kidogo, maana asiyenusa hali. Kutapika, kuhara na homa katika mtoto wa paka huweza kuwa ugonjwa ulio jamaa ya parvo, nao huua upesi vile vile. Zote mbili zina chanjo.

Paka dume akionekana akichuchumaa mara kwa mara, akilia, na mkojo hautoki ila tone moja moja, njia yake imezibika. Wengi hudhani amefunga choo wakampa mafuta anywe. Huyo asipofunguliwa na daktari huweza kufa kwa siku mbili au tatu. Hii ni dharura.

Kisha kuna sumu ya panya. Mwenye kibanda huweka sumu, panya huila, paka humla panya. Kuna sumu ifanyayo damu isigande: mnyama huwa mnyonge, ufizi huwa mweupe, na damu humtoka baada ya siku chache, vitamini K kutoka kwa daktari huweza kumwokoa. Kuna sumu nyingine iletayo udenda, kutetemeka na kukata pumzi mara moja. Mpelekee daktari pakiti ya sumu yenyewe, au jina lake, ili ajue la kufanya. Usimpe maziwa wala mafuta kwa kudhani yatazima sumu. Aliye na paka mzuri asiweke sumu. Na achague mmoja wa hao wawili.

DAWA ZA WATU ZIUAZO WANYAMA

Yako madawa ambayo kwetu ni msaada na kwao ni mauti. Kidonge kimoja cha parasetamoli, ambacho twameza tukiumwa na kichwa, huweza kumwua paka: ufizi hugeuka rangi ya udongo, uso huvimba, naye hukosa pumzi. Mwili wake hauna njia ya kuivunja dawa hiyo. Ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa na za paka. Dawa nyingi za viroboto za mbwa zina permethrini, ambayo humtetemesha paka hata kufa. Kwa hiyo soma karatasi ya dawa kabla ya kupaka. Kuhusu chakula, chokoleti, vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa si vya mbwa.

Tena, usinunue antibayotiki za kubahatisha na kumpa mnyama siku moja au mbili. Haziui vijidudu vya parvo wala vya kichaa, na zikitumiwa ovyo huzoeza vijidudu vingine, mwishowe hata watoto wetu wakiugua dawa hukosa nguvu.

UUGUZI WA NYUMBANI

Mnyama ahariye kidogo bila damu, na ambaye hatapiki, aweza kuuguzwa nyumbani. Chemsha maji lita moja, yapoe, utie vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Chakula kiwe chepesi, kama wali na nyama ya kuku isiyo na mafuta. Kidonda kidogo kikatwe manyoya pembeni, kioshwe kwa maji ya chumvi, kifunikwe nzi wasitage.

Lakini mwite daktari siku iyo hiyo ukiona damu katika choo au mkojo, ufizi mweupe au wa manjano, kifafa, kuhema kwa shida, kutapika kusikokoma, mkojo kuzibika, au mtoto wa mnyama asiyeweza kusimama. Unapompeleka, umfunge mdomo kwa kitambaa ikiwa ni mbwa mwenye maumivu na hatapiki wala hahemi kwa shida. Paka umtie katika kikapu chenye kifuniko. Mweleze daktari ugonjwa ulianza lini, amekula nini, amechanjwa lini, na umempa dawa gani. Usifiche hata kama uliipata kwa jirani. Mnyama hasemi, nawe ndiwe ulimi wake.

Watu wa Toi, Kibera na Kawangware wanayo bahati ambayo wa mbali hawana. Chuo cha waganga wa wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, na Chama cha Kulinda na Kutunza Wanyama cha Kenya, kilichoanza mwaka 1910, kiko upande wa Karen. Kwa mtu aliyeumwa, hospitali za Mbagathi na Kenyatta haziko mbali. Msomaji wa shambani na aulize katika ofisi ya mifugo ya kaunti yake siku za kuchanja mbwa. Na siku ikitangazwa, asingoje mbwa wa jirani aende kwanza. Tarehe 28 Septemba ya kila mwaka ni siku ya ulimwengu ya kukumbusha watu juu ya kichaa cha mbwa, na mahali pengi chanjo hutolewa karibu na siku hiyo.

Wenye vibanda wa soko moja wangefanya vema kushauriana pamoja: wawahesabu mbwa na paka wao, wawachanje kwa siku moja, wawe na mahali pa kuzikia mabaki ya nyama, na kila kibanda kiwe na kipande cha sabuni na dumu la maji. Sabuni hiyo ni ya kuoshea mikono kila siku. Lakini siku mtoto atakapokuja mbio akilia, mguu wake ukitoka damu kwa jino la mbwa, itakuwa ndiyo dawa ya kwanza.